Kufunua hotpoti si kujitembeza

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 35, nauza chapati na maharage asubuhi hapa Morogoro. Nilipata mimba nikiwa kidato cha pili, shule ikaishia hapo. Miaka mitano iliyopita nilianza kusoma jioni, kimyakimya. Mtihani wa Maarifa, huu tunaouita QT, nilifeli mara ya kwanza, nikarudia nikapita. Kidato cha nne nimepata divisheni foo, na sasa nimechaguliwa kusoma astashahada ya maendeleo ya jamii.

Mwezi ujao tunavunja kikoba. Mwenyekiti kapata habari, anataka nisimame niwasimulie wenzangu. Wifi yangu naye ni mwanachama, ameshaanza: "Divisheni foo nayo ya kutangaziwa watu?" Mama anasema ninyamaze, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, tena watu wana vijicho. Nisimame au nikae?

Mama Chapati, Morogoro

Marahaba mwanangu, na hongera sana. Simama.

Mama yako simbishii. Chema kweli chajiuza. Ila wewe ni mtu wa biashara, unajua kwamba chapati hata iwe laini namna gani, ukiifungia ndani ya hotpoti mpita njia atapita zake na njaa yake. Lazima ufunue kidogo, mvuke utoke. Kufunua si kujitembeza.

Wanaokera watu ni wale wanaoonyesha cheti na kuficha safari. Na hilo nalijua kwa kuwa nimelitenda. Nilipopata leseni ya udereva niliingia ofisini nikipunga ufunguo, nikasema tu, "Nimepata!" Sikusema kwamba nilishafeli mara mbili, zote kwenye kurudi nyuma. Kulikuwa na dada mmoja aliyefeli mara moja tu. Akaniambia, "Wewe una kipaji, mimi siwezi," akaacha kabisa. Maneno mawili matatu ya aibu yangu yangemrudisha barabarani. Niliyameza.

Kwa hiyo siku hiyo usianze na divisheni. Anza na ile QT uliyofeli. Waambie ulilipa kiasi gani na ulikitoa wapi, nani alibaki nyumbani, ulisoma saa ngapi ilhali saa kumi alfajiri unatakiwa uwe unakanda unga. Somo lililokutoa jasho litaje kwa jina. Hapo hata wifi atakosa pa kushika, maana hayo unayataja wewe kabla yake. Naye usimjibu. Huenda na yeye ana kidato chake alichokiacha njiani.

Siti binti Saad, yule mwimbaji, unamjua. Alitoka Fumba, Unguja, kwenye umaskini wa kuuza vyungu, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Shaaban Robert alipoandika wasifu wake hakuuficha umaskini ule. Na Bi Kidude, aliyekuja kuvuma baadaye, alijifunza kuimba kwa kumsikiliza Siti. Angesikiliza nini kama Siti angeimbia chumbani kwa kuogopa vijicho?

Novemba 2021 Serikali ilitoa waraka kuruhusu wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito warudi shuleni. Mlango ulifunguliwa, ndiyo. Lakini binti wa mtaani kwako, mwenye kichanga mgongoni, waraka haumwambii mtoto atalala kwa nani wakati mama yuko darasani, wala jinsi ya kukaa dawati moja na watu aliowazidi miaka. Hayo unayajua wewe.

Sasa nikuonye mambo mawili. La kwanza, pesa. Gharama za masomo zitaje. Akiba yako na faida ya chapati ibaki siri yako. Sanduku la kikoba lenyewe lina kufuli tatu, sembuse mfuko wako.

La pili ndilo zito. Ile mimba ya kidato cha pili leo ni kijana mzima. Ukisimama kusimulia, unamsimulia na yeye, na kesho atakutana na hao hao dukani na kisimani. Mkalishe chini kwanza. Muulize: "Naweza kulisema hili mbele za watu?" Akikataa, sema tu kwamba uliacha shule ukiwa kidato cha pili, upite. Usimfanye mwanao aonekane ndiye kikwazo ulichokiruka.

Usitegemee vigelegele. Wengine watapiga makofi huku wanahesabu hisa zao. Lakini asubuhi moja atakuja mteja atakayezungusha chai kikombeni hadi ipoe, asubiri wenzake waondoke wote, halafu aulize kwa sauti ya chini, "Dada, hivi hiyo QT wanajiandikishia wapi?"

Mvutie kiti.

Shangazi yako