Rovu la Mbuzi: Linda Tezi ya Mnyama Wako



Mbuzi wako akizaa mtoto dhaifu, mwenye manyoya machache na uvimbe chini ya koo, usiseme ni bahati mbaya tu. Huenda tezi yake haikufanya kazi vizuri akiwa tumboni.

Tezi hiyo ni ipi?
Kila mnyama ana tezi ya thairoidi shingoni. Tezi hii hutumia madini joto, yaani iodini, kutengeneza homoni. Homoni hizo huongoza ukuaji, joto la mwili, uzazi, utoaji wa maziwa na ubongo wa mtoto aliye tumboni. Zikipungua, tezi hujitahidi hadi ikavimba. Uvimbe huo ndio rovu.

Kemikali huharibuje?
Mto Themi hutoka Mlima Meru, hupita katikati ya jiji la Arusha, kisha huelekea kusini kwenye malisho. Mto unaopita mjini hubeba taka za mjini. Kemikali hudhuru tezi kwa njia mbili:

1. Baadhi, kama nitrati na pakloreti, huzuia madini joto kuingia kwenye tezi. Majani ya kabichi na kisamvu kibichi yakiliwa kwa wingi huleta shida kama hiyo.
2. Nyingine hufanana na homoni yenyewe na kuchukua nafasi yake kwenye damu. Mfano ni PCB, iliyokuwa ikitiwa kwenye mafuta ya transfoma za zamani. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 uliipiga marufuku, lakini haiozi upesi. Hukaa kwenye mafuta ya mwili na hutoka na maziwa. Kuchemsha maziwa hakuiondoi, na wanaoyanywa ni watoto wetu.

Usichanganye
Meno ya kahawia ya ng'ombe wa Ngarenanyuki na Maji ya Chai husababishwa na floraidi ya miamba ya Meru, si taka za viwanda.

Fanya haya
- Nywesha mifugo juu ya mto kabla haujaingia mjini, au kwenye kisima au bomba. Usinyweshe karibu na mifereji ya gereji na viwanda.
- Usipake mnyama mafuta ya transfoma wala oili chafu kuua kupe au kutibu kidonda. Tumia josho.
- Usichome plastiki, matairi wala nyaya karibu na boma au malisho.
- Wape mbuzi na ng'ombe wenye mimba chumvi yenye madini joto. Mwulize afisa mifugo kiasi kinachofaa.

Rovu mara nyingi ni upungufu wa madini joto tu, na kutupa mimba huweza kuletwa na magonjwa mengine. Kwa hiyo ukiona dalili kwa wanyama zaidi ya mmoja, andika tarehe na mahali walipokunywa maji, kisha mwite afisa mifugo wa kata. Usishike kwa mikono mitupu mtoto aliyezaliwa mfu.

Maji safi leo ni kundi zima la kesho.