Dondoo muhimu: Karatasi za babu aliyekuwa Keya

Huenda sandukuni kwa bibi kuna cheti cha babu aliyekuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), aliyepigana Bama (Burma) katika Vita vya Pili vya Dunia (1939–1945). Kabla mchwa hawajakiwahi:

• Uliza wazee. Andika majina yote ya babu. Karani wa jeshi aliandika alivyosikia.

• Soma alama. Tafuta namba ya jeshi na kikosi: 6 KAR ni Tanganyika, 4 KAR ni Uganda. Kama kuna medali pia, zile za Vita vya Kwanza aghalabu zina jina ukingoni. Medali ya Nyota ya Bama ilitolewa bila jina.

• Shika kwa upole. Nawa, kausha mikono. Toa pini zenye kutu taratibu. Usibandike selotepu, wala usigandishe cheti kwenye plastiki, hakitatoka salama.

• Piga picha pande zote mbili, uwatumie ndugu nakala.

• Hifadhi cheti kikiwa kimenyooka ndani ya bahasha ya karatasi, mbali na jiko, jua na unyevu. Maelezo yaandike kwa penseli juu ya bahasha, si juu ya cheti.

• Ukienda Nyaraka za Taifa, Nairobi au Dar es Salaam, beba nakala. Cheti chenyewe kibaki nyumbani.