SHEREHE ZA MJINI, DENI LA KIJIJINI

Somo la kikundi. Muda: saa moja na nusu. Vifaa: mawe madogo au punje za mahindi, na fimbo ya kuchorea chini.



Vikundi vyetu vingi vina daftari la mbuzi, daftari la shamba na daftari la karo. Daftari la sherehe hatujaliona. Hata hivyo harusi moja, au Krismasi moja, inaweza kumaliza kwa usiku mmoja kile ambacho nyumba imekiweka mwaka mzima. Leo tuzungumze juu ya jambo hili waziwazi: sherehe, ngoma na karamu za mjini, na jinsi zinavyotufikia huku vijijini.

Hatukuja kumkataza mtu furaha. Tutakwenda kwa hatua tatu tunazozizoea: tuone, tupime, tutende.

TUONE: Furaha ni mali ya jamii

Kwanza tukumbushane uzuri wa sherehe. Katika harusi ya Kisomali akina mama hukusanyika, mmoja akatoa mashairi ya buraanbur, wengine wakapiga makofi, na mmoja mmoja akaingia katikati kucheza. Vijana nao wana dhaanto yao. Kuna xeedho, chombo chenye nyama iliyokaushwa na tende, kilichofungwa kwa kamba na mafundo mengi. Watu wa upande wa bwana harusi hutakiwa kukifungua mbele ya wageni, na wakikosea wanachekwa. Kando ya mto Tana, Wapokomo, Wamalakote na Wamunyoyaya wana ngoma zao. Wakristo wana kwaya, vigelegele na mkesha wa Krismasi.

Sherehe hufanya kazi kubwa. Maskini hula nyama siku hiyo. Waliogombana hukaa sinia moja. Vijana hujuana, na watoto hujifunza nani ni ndugu yao. Yesu mwenyewe alihudhuria harusi ya Kana, na divai ilipokwisha hakuwaambia watu waende nyumbani. Aliiokoa ile nyumba na aibu. Waislamu nao wamefundishwa na Mtume wao kufanya karamu ya ndoa, hata ikiwa ni kwa kondoo mmoja tu. Basi hapa hatutofautiani. Karamu ni jambo jema. Swali letu ni hili: nani anailipia, na analipa lini?

TUONE: Mjini kumebadilika nini?

Harusi ya kijijini ya zamani ilitumia pesa taslimu kidogo. Mbuzi walitoka zizini, maziwa kwa jirani, mikeka kwa shangazi, na ukumbi ulikuwa kivuli cha mti. Kila mtu alileta kitu, tena alijua siku yake itafika naye aletewe.

Mjini si hivyo. Ukienda Garissa mjini, au Eastleigh kule Nairobi, kila kitu kinanunuliwa au kinakodiwa: ukumbi, viti, maua, keki, spika, dijei, magari, mpiga picha, video. Akina mama hushona au hununua dirac za rangi moja kwa siku hiyo tu. Watu wa mjini hatuwalaumu. Wao hawana uwanja wala zizi, na wengi wanalipwa kwa pesa. Shida huanza kijiji kinapoiga sherehe ya mjini, kwa sababu kijiji hakina mshahara. Kijiji kinalipa kwa mifugo.

Tufanye hesabu. Hii si bei ya soko la leo, ni mfano tu. Wekeni bei zenu. Tuseme ukumbi ni shilingi 40,000, muziki 15,000, video na picha 20,000, magari manne kwa 6,000 kila moja ni 24,000, na mapambo 13,000. Jumla ni 112,000. Tuseme mbuzi mmoja anauzwa 7,000. Basi hao ni mbuzi 16, na bado hatujapika chakula! Sasa mwulize mwenye zizi: kati ya hao 16, majike wanaozaa ni wangapi? Kama ni kumi, kila jike akizaa mtoto mmoja tu, mwakani umekosa watoto kumi na maziwa ya watoto wako.

IGIZO LA KUANZISHA MAJADILIANO

Watu wawili waigize mbele ya kikundi. Kwa familia zisizotumia neno "adeer", semeni "baba mdogo".

KIJANA: Asalaam aleikum, adeer.

ADEER: Waaleikum salaam, mwanangu. Karibu ukae. Mama yako hajambo?

KIJANA: Hajambo, adeer. Nimetumwa kwako. Harusi ya dada imekaribia, na watu wa upande wa bwana wanataka ifanywe ukumbini, mjini.

ADEER: Kwani hapa chini ya mti kuna nyoka?

KIJANA: La, adeer. Lakini binti wa jirani alifanyiwa ukumbini. Sisi tukikaa hapa watu watasema tumefilisika.

ADEER: Na tukiuza mbuzi wote hawatasema?

KIJANA: Watasema, lakini baadaye.

ADEER: Hilo baadaye ndilo langu mimi. Nyinyi mtakuwa mmesharudi mjini. Haya, na dada yako mwenyewe anataka nini?

KIJANA: (ananyamaza) Hatujamwuliza.

Hapa simamisheni igizo. Ulizeni: Kijana ni mbaya? Adeer ni bahili? Kwa nini hakuna aliyemwuliza binti? Wape nafasi akina mama na wasichana waseme kwanza, wazee watafuata.

TUPIME: Deni halikui, mbuzi wanapungua

Mara nyingi sherehe hufanywa kwa mkopo. Duka linaandika kwenye daftari, ndugu anakopesha, simu inakopesha. Mkopo wa simu una ada na muda mfupi. M-Shwari, kwa mfano, ilipoanza mwaka 2012 mkopo wake ulikuwa wa kulipwa kwa siku 30.

Sisi wa Kaskazini Mashariki tuna hatari nyingine ambayo mtu wa mshahara haijui. Tunakopa kwa shilingi lakini tunalipa kwa mbuzi, na bei ya mbuzi haikai mahali pamoja. Tuseme una deni la 28,000. Malisho yakiwa mazuri na mbuzi ni 7,000, utauza wanne. Ukingoja hadi kiangazi kikali, mbuzi amekonda na kila mtu anauza, bei inashuka hadi 3,500. Deni ni lilelile, lakini sasa unauza wanane. Hakuna riba hapo, na bado umelipa mara mbili.

Hatujasahau ukame ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020. Mvua za misimu mitano mfululizo zilishindwa, hadi mwisho wa 2022, na Kenya ilipoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Aliyeingia kwenye ukame ule na deni la sherehe aliuza wa mwisho kwa bei ya bure.

TUPIME: Mombasa walicheza, wakajifunza

Tusidhani mashindano ya sherehe yameanza na video. Mwishoni mwa karne ya 19 huko pwani ya Kenya ilizuka ngoma ya beni. Vijana wa Mombasa na Lamu waliunda vyama, wakapiga tarumbeta kwa mtindo wa bendi ya jeshi, wakashona sare na kupeana vyeo. Beni ilienea hadi Tanganyika na kupita. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu yake mwaka 1975.

Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vya lelemama. Vyama vilishindana viwili viwili: Kingi na Scotchi, na baadaye Ibinal Watan na Banu Saada. Chama kimoja kikifanya karamu, cha pili kilitaka kufanya kubwa zaidi. Mavazi na vyakula viligharimu sana, na watu waliwalaumu.

Lakini kuna upande wa pili. Ili waweze kucheza, akina mama wale walijifunza kuchagua viongozi, kukusanya michango, kutunza pesa, kuitisha mkutano na kusaidiana wakati wa shida. Margaret Strobel, aliyeandika historia ya wanawake Waislamu wa Mombasa, ameonyesha kwamba katika miaka ya 1950 wanawake waliozoea kazi hiyo kwenye lelemama walikuwa miongoni mwa walioanzisha vyama vya kushughulikia elimu na haki za wanawake.

Mnaona basi? Nguvu ya kuandaa ngoma na nguvu ya kujenga kisima ni nguvu ileile. Kikundi kinachoweza kulisha wageni 300 kwa siku moja hakiwezi kusema kimeshindwa kuitisha mkutano.

TUPIME: Amri au makubaliano?

Mwaka 2019 viongozi wa Beled Hawo, mji wa Somalia ulio mpakani na Mandera, walipiga marufuku harusi za hotelini. Walisema karamu isizidi mbuzi watatu, na vyombo vya nyumba visizidi dola 600. Sababu yao ilikuwa kwamba gharama zinawazuia vijana kuoa.

Jambo la kujifunza ni kwamba nyumba moja peke yake haiwezi kupunguza sherehe. Ikipunguza, watu watasema ni bahili au imefilisika. Nyumba zote zikipunguza pamoja, hakuna wa kuchekwa. Amri kutoka juu inaweza kukatazwa leo na kukwepwa kesho, lakini makubaliano ya wenyewe hulindwa na wenyewe. Hapo ndipo kazi ya kikundi inapoanza.

TUTENDE: Hatua sita

1. Choreni kalenda chini. Wekeni miezi kumi na miwili, misimu ya mvua na kiangazi, siku za karo, na sherehe. Kila jiwe liwe shilingi 5,000. Kumbukeni Krismasi haisogei: inakuja karibu na jilaal, kiangazi kikali, na shule zinafunguliwa Januari. Idd husogea nyuma siku kama 11 kila mwaka, kwa hivyo baada ya miaka michache itaangukia msimu mwingine. Panga kwa msimu, usipange kwa mazoea.

2. Fungueni sanduku la sherehe. Akina mama wengi tayari wana ayuuto. Wanachama 20 wakitoa shilingi 100 kila wiki, kwa wiki 50 ni shilingi 100,000. Sanduku hili lisichanganywe na pesa za mbegu wala za karo.

3. Kubalianeni kikomo. Mbuzi wangapi kwa harusi? Magari mangapi? Ukumbi lazima, au kivuli kinatosha? Waiteni wazee, imamu, katekista na watu wa upande wa pili wa ndoa. Bibi na bwana harusi waulizwe wenyewe.

4. Tengeni majike. Kila nyumba itaje mbuzi wazazi ambao hawatauzwa kwa ajili ya sherehe, hata wageni wawe nani.

5. Nunueni vyombo vyenu. Sufuria kubwa, sahani, viti na hema vikiwa mali ya kikundi, wanachama watatumia kwa bei nafuu na wengine watakodi. Pesa iliyokuwa ikienda mjini itabaki kijijini.

6. Pangeni njia ya kurudi nyumbani. Vijana wakienda sherehe ya usiku mjini, ijulikane wanaenda na nani, mtu mzima gani yuko nao na gari gani litawarudisha. Msiwape wasichana peke yao mzigo huu; wavulana pia wafundishwe kuheshimu na kulinda. Msichana au mvulana akidhulumiwa, msimlaumu na msikae kusuluhisha kwa ngamia. Afikishwe hospitali haraka, kabla ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Simu 1195 ni ya bure kwa waliodhulumiwa, na 116 ni ya watoto.

MASWALI YA KUJADILI

1. Sherehe gani ya mwaka uliopita iliwaletea furaha ya kweli? Ni kitu gani hasa kilileta furaha hiyo, na kiligharimu pesa ngapi?

2. Katika kijiji chetu, nani hupanga sherehe na nani hulipa deni? Je, ni watu walewale?

3. Je, kuna mtoto aliyerudishwa nyumbani kwa karo baada ya sherehe? Bila kutaja majina, tungefanya nini mapema?

4. Majirani zetu wa dini nyingine wanatualika lini, nasi tunawaalika lini? Sanduku la sherehe linaweza kusaidia hapo?

Kabla hamjafunga kikao, jambo moja liandikwe: kikomo mlichokubaliana, hata kama ni cha mbuzi tu. Kisomeni kwa sauti, wote wakisikie, na kila mwanachama aweke kidole au sahihi. Mkutano ujao anzeni kwa kuuliza: tangu tulipoagana kumekuwa na sherehe ngapi, na kikomo kimesimama? Kama kimevunjwa, msimfokee mtu. Muulizeni nini kilimshinda, kisha mrekebishe pamoja.