Mazoezi ya Kupumua: Faida na Mipaka Yake

Mkazi wa Kipevu huvuta hewa yenye mengi ndani yake. Kuna moshi wa malori yanayongoja kuingia na kutoka bandarini, vumbi la shehena, na mtambo wa umeme wa Kipevu III, uliofunguliwa mwaka 2011, ambao huchoma mafuta mazito. Si ajabu basi kusikia mtu akishauriwa afanye mazoezi ya kupumua ili "asafishe mapafu". Je, mazoezi hayo husaidia?

Chini ya mapafu kuna msuli mpana uitwao kiwambo. Ukishuka, mapafu hutanuka na hewa huingia. Ukipanda, hewa hutoka. Kwa mtu aliyevuta sigara au moshi wa kuni kwa miaka mingi, njia za hewa huwa nyembamba. Hewa iliyotumika hukwama ndani na hewa mpya hukosa nafasi. Ndiyo sababu hutweta akipanda ngazi chache tu.

Zoezi lenyewe ni rahisi:

1. Keti wima, legeza mabega, weka mkono mmoja tumboni.

2. Funga mdomo, vuta hewa polepole kwa pua ukihesabu hadi 2. Tumbo liinue mkono.

3. Bana midomo kama anayepuliza uji wa moto, utoe hewa polepole ukihesabu hadi 4.

Rudia kwa dakika 5, mara mbili au tatu kwa siku, mbali na barabara ya malori. Ukihisi kizunguzungu, pumzika.

Zoezi hili huzuia njia za hewa zisijifunge mapema, na hewa iliyokwama ikapata kutoka. Lakini haliondoi vumbi lililokwisha kukaa mapafuni, haliui viini vya kifua kikuu, wala si badala ya dawa ya pumu.

Hapo ndipo penye hatari. Anayekohoa kwa wiki mbili, akitoka jasho usiku na kukonda, huku akitegemea mazoezi pekee, huenda anawaambukiza watoto wake nyumbani. Aende akapimwe makohozi. Hospitali ya Port Reitz haiko mbali, na vituo vya serikali hutoa dawa za kifua kikuu bila malipo. Na mgonjwa anayeshindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, au midomo yake ikigeuka buluu, apelekwe hospitalini mara moja.