Kudumu na Dawa kwa Mwenye Virusi vya UKIMWI

Ada ya watu wengi ni kunywa dawa maadamu wahisi maumivu. Maumivu yakiondoka, dawa nayo huwekwa rafuni. Ada hiyo haimdhuru aumwaye na kichwa. Walakini kwa mwenye virusi vya UKIMWI ni hatari kubwa, na sababu yake ni hii: virusi hivi vikishaingia mwilini, baadhi yake hujificha ndani ya chembe za damu, vikalala. Dawa huvizuia visizaane, wala haivifikii vile vilivyolala. Mtu aachapo dawa, hivyo huamka, na baada ya majuma machache damu hujaa virusi kama kwanza. Kwa hiyo mgonjwa aliyenawiri, mwenye nguvu za kutweka tanga, asidhani kuwa amepona. Afya yake ni matunda ya kidonge cha jana.

Jambo hili halikujulikana kwa kukisia. Walikusanywa watu 5,472 katika nchi 33. Nusu walidumu na dawa, na nusu walipumzishwa kila chembe zao za kinga zilipokuwa nyingi. Mwezi wa Januari 2006 matabibu waliukatiza uchunguzi ule kabla ya wakati wake, kwani maradhi mazito na mauti kwa waliopumzishwa yalizidi mara mbili ya wenziwao. Na faida ya kudumu si ya mgonjwa peke yake. Chunguzi zilizotangazwa tangu mwaka 2011 hata 2019 zimethibitisha kuwa mtu ambaye virusi vyake vimepungua hata kipimo hakivioni, hamwambukizi mwenziwe kwa jimai.

Basi kama dawa ipo, na vituo vya serikali huitoa bure, ni lipi liwatoalo watu? Wengine hushindwa na nauli. Wengine ni wavuvi waendao dago miezi kadhaa, nao vidonge huwaishia huko. Hawa dawa yao ni nyepesi: tangu mwaka 2016 Shirika la Afya la Ulimwengu limeshauri aliyetulia apewe vidonge vya miezi mitatu hata sita kwa mara moja. Mvuvi na amweleze tabibu safari yake kabla ya kutweka.

Lakini sababu iliyo nzito kuliko hizo ni fedheha. Mtu huogopa macho ya jirani penye mlango wa kituo. Aliyemwona pale akaja kusimulia barazani hudhani amepiga soga tu, na yule mwenziwe mwezi wa pili haendi tena. Hiyo ni ghiba, na ghiba hii huua. Mke naye huficha vidonge ndani ya mtungi wa unga kwa kuogopa talaka. Siku mumewe ashindapo nyumbani, dawa hainywewi. Mume wa namna hiyo, pasina kujua, ndiye aliyefunga mlango wa tiba ndani ya nyumba yake.

Wala kombe si hoja ya kuacha. Mwaka 2011 maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mmoja, na wakawamo waliotupa dawa zao za kituoni. Anywaye kombe kwa kutaka baraka na anywe, na kidonge chake akimeze siku ile ile. Ramadhani nayo haina uzito: kwa wengi siku hizi dawa ni kidonge kimoja kwa siku, nacho, baada ya kumwuliza tabibu, chaweza kumezwa baada ya futari au wakati wa daku, saa ile ile kila usiku. Aliye dhaifu hata tabibu akamkataza kufunga, ana ruhusa ya mgonjwa.

Katika njia za kuwashika watu wasipotee, iko moja nyepesi mno. Kati ya 2007 na 2010, katika vituo vitatu vya Kenya, wagonjwa 538 waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walipelekewa kwa simu kila juma neno hili tu, "Mambo?", nao hujibu "Sawa" au "Shida". Aliyejibu shida, na aliyenyamaza, alipigiwa simu na mwuguzi. Baada ya mwaka, waliofaulu kuvishinda nguvu virusi vyao walikuwa 57 katika mia kwa fungu lile, na 48 katika mia kwa wasioulizwa. Neno lenyewe halikutaja maradhi. Hata simu ikishikwa na mtu mwingine, siri haifichuki. Wala halikuwa na lawama. Yuko mgonjwa arudiye kituoni baada ya kupotea nusu mwaka, akakaripiwa mbele ya watu. Huyo aghalabu haonekani mara ya pili.

Aliyekatisha dawa muda mrefu asijianzie mwenyewe kwa vidonge vya zamani alivyobakisha. Arudi kituoni aseme kweli ni lini aliacha, apimwe damu, na achunguzwe kifua, kwani yamkini kifua kikuu kimeingia katika muda ule, nacho kina dawa yake.