Kabla Hujavaa Sare ya Kazi: Mafunzo Niliyopata Kati ya Embu na Meru

Ukipanda matatu kutoka Embu kwenda Meru utapita Runyenjes, Chuka, Chogoria na Nkubu, na njia nzima utakuwa ukipishana na wanafunzi wa uuguzi. Chuo cha mafunzo ya utabibu, KMTC, kina kampasi Embu na nyingine Meru. Chogoria kuna chuo cha hospitali ya kanisa la PCEA, chenye jina la Dakta Clive Irvine aliyeanzisha kazi ya misheni pale mwaka 1922. Nkubu kuna Consolata, Maua kuna Wamethodisti, na vyuo vikuu navyo vimeingia. Mimi nilisomea Embu nikaajiriwa upande wa Meru. Tulifunzwa vizuri, sina shaka na hilo. Ila chuoni unamhudumia mgonjwa mmoja huku mwalimu amesimama nyuma yako. Kazini unakabidhiwa wodi nzima na sahihi ni yako peke yako. Haya hapa ndiyo niliyojifunza katika kuvuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ningependa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho ayasikie mapema.

1. Yatafute yale yanayokuogofya ungali mwanafunzi

Kila mwanafunzi hukimbilia anachokiweza. Akijua kuweka kanula, ataweka kanula kutwa. Mimi nilikuwa naogopa kifafa cha mimba, na sista mmoja mkongwe pale Embu alilijua hilo. Mama alipoletwa usiku akiwa na presha ya juu na degedege, alinivuta mkono nikasimama karibu naye. Tulipima dozi ya kwanza ya magnesiamu salfeti pamoja: gramu 4 kwenye mshipa, polepole, kisha gramu 10 kwenye makalio, 5 kila upande. Baadaye, kabla ya kila dozi iliyofuata, alinifanya nihesabu pumzi, niangalie mkojo kwenye mfuko, nigonge goti nione kama mguu bado unaruka. Kalsiamu glukoneti ilikuwa tayari kwenye trei, kwa maana dawa inayozuia degedege ndiyo hiyo hiyo inayoweza kuzima pumzi ikizidi.

Leo nikipokea mama wa namna hiyo mkono hautetemeki. Fanya hivi: andika mambo matatu ya wodini yanayokunyima usingizi, kisha mwendee muuguzi unayemheshimu umwambie, "Sista, yakitokea haya, naomba uniite." Wengi wataita. Ukishaajiriwa wewe ndiye utakayeitwa.

2. Sahihi za kitabu cha taratibu hazikufanyi muuguzi

Sote tumewahi kuzifukuzia. Unasikia kuna mama anayekaribia kujifungua, unakimbia, unampokea mtoto, unapata sahihi, unaondoka. Kwa mwendo huo unaweza kuzalisha akina mama wengi bila kumjua hata mmoja. Nilijifunza zaidi siku nilizokaa na mama mmoja tangu alipopokelewa. Nilijaza patografu yake saa baada ya saa, nikaona mstari wa njia ya uzazi ukianza kulala, nikamwita daktari mstari ulipogusa ule wa tahadhari. Kupokea mtoto ni dakika chache tu. Kazi yenyewe ni zile saa zilizotangulia na zile mbili zinazofuata, wakati kila mtu amehamia kwa mtoto na mama amelala kimya.

3. Usiku, kazi ni kujua uanze na nani

Hili ndilo somo zito kuliko yote, na sikumbuki mtihani wowote ulionipima kwalo.

Vituo vingi vya afya vya mashambani, usiku muuguzi ni mmoja. Saa nane usiku dripu ya shosho imekwisha na mwenzake anapiga kelele akuite. Mtoto wa nimonia analia. Mtu amegonga geti na kijana aliyeanguka na pikipiki. Kitandani pembeni, mama aliyejifungua jioni anasema kwa sauti ndogo kwamba anahisi kizunguzungu.

Anza na mama. Mtoto anayelia anapumua, dripu iliyokwisha itangoja dakika mbili, na kijana wa pikipiki unaweza kumtazama kwa jicho akiingia, kama anaongea na kama anamwaga damu. Mama wa kizunguzungu hangoji. Funua shuka, angalia pedi, weka mkono tumboni uone kama mfuko wa uzazi umekaza au umelegea. Shika mapigo ya moyo kabla ya kwenda kutafuta mashine ya presha, kwa sababu mapigo hupanda mapema na presha huweza kubaki nzuri hadi damu nyingi iwe imeshatoka. Ukikuta mfuko umelegea, anza kuusugua huku ukiita mtu, hata kama ni mlinzi wa geti, akuletee oksitosini kwenye friji.

Kitu kilichonisaidia ni namna ya kupokea zamu. Sikubali ripoti ya mezani. Natembea na anayeondoka kitanda hadi kitanda, namuuliza nani kati ya hawa anayemtia wasiwasi, na natazama mwenyewe mtungi wa oksijeni una kiasi gani. Wapo waliochoka wanaoona unawachelewesha matatu ya nyumbani. Wachelewe kidogo.

4. Lugha ya mgonjwa ni sehemu ya vipimo

Embu utakutana na Kiembu, na ukishuka Siakago au Ishiara ni Kimbeere. Meru nako usidhani ni Kimeru kimoja: mtu wa Imenti, wa Tigania, wa Igembe na wa Tharaka kila mmoja ana lafudhi na maneno yake. Mzee aliyetoka Igembe anaweza kukueleza maumivu ya kifua kwa neno ambalo wewe wa Runyenjes utalisikia kama uchovu. Nilijiwekea daftari dogo la maneno ya maumivu, ya kuharisha, ya kukosa pumzi na ya hedhi, nikiwauliza wahudumu wa usafi na wahudumu wa afya ya jamii, ambao wanaijua jamii ile kuliko sisi. Lakini jambo la siri, kama virusi au mimba iliyotoka, usimfanye mtoto wa mgonjwa kuwa mkalimani. Tafuta mfanyakazi mwenzako.

5. Karatasi zianze mapema

Ukishafaulu mtihani wa Baraza la Wauguzi, sajiliwa na uchukue leseni mara moja, na kumbuka kwamba leseni hiyo huhuishwa. Bodi za utumishi wa umma za kaunti hudai pia cheti cha tabia njema kutoka DCI, stakabadhi za KRA, HELB na EACC, pamoja na ripoti ya mikopo. Tangazo la kazi hukaa wazi kwa muda mfupi, na nimeona watu wazuri wakiachwa kwa kukosa karatasi moja.

6. Kungoja ni kazi pia

Tangu afya igatuliwe kwa kaunti mwaka 2013, ajira hutegemea bajeti ya kaunti, na bajeti haifuati kalenda ya mahafali. Unaweza kumaliza ukakaa muda mrefu. Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulioanza Juni ukaisha Novemba, na maandamano ya wahudumu wa mpango wa afya kwa wote (UHC) mwaka 2025, walioajiriwa kwa mkataba tangu 2020 na wakati huo bado wakidai ajira ya kudumu, vinaonyesha kwamba hata aliyepata barua huenda hajatulia.

Kwa hiyo usirudi nyumbani kukaa. Mikono husahau. Hospitali za misheni huchukua wauguzi wapya, zahanati za binafsi huhitaji watu wa lokamu, na hata malipo yakiwa madogo unabaki ukishika wagonjwa. Kisha kuna jambo linaloniuma kusema: utatafutwa na madalali. Mmoja alinipigia akisema jina langu liko kwenye orodha ila linahitaji "kusukumwa". Bodi za utumishi hazitozi ada ya maombi. Usimpe mtu shamba la mama yako wala akiba ya chama chake. Ukiombwa pesa, ripoti.

7. Isome payslipu kabla ya kukopa

Mshahara wa kwanza wa kaunti mara nyingi huchelewa, kwa hiyo panga kodi ya nyumba na nauli ukilijua hilo. Mshahara ukija, utakatwa PAYE, NSSF, asilimia 2.75 ya bima ya afya ya SHA, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, HELB, na ada ya chama cha wauguzi ukijiunga (jiunge). Maafisa wa mikopo watakufikia wodini kabla hujaijua njia ya kantini. Waambie warudi mwakani.

8. Wa kwanza kufariki mikononi mwako

Hakuna anayekuandaa kwa hili. Chuoni tulifunzwa kuuosha na kuufunga mwili, na hilo ni muhimu, maana familia itaukumbuka uso ule. Hatukufunzwa la kufanya na mikono yetu baadaye. Ninachojua ni kwamba usiende nyumbani peke yako siku hiyo. Keti na mwenzako wa zamu, pitieni tena kilichotokea hatua kwa hatua, mnywe chai, kisha uende.

Nawe msimamizi wa wodi, uwe Embu, Chuka, Nkubu au Maua: ukipokea muuguzi mpya mwezi huu, tafadhali usimpange usiku peke yake wiki zake za kwanza, hata kama rota imebana. Mpange na mkongwe mmoja, na umwambie huyo mkongwe asimame karibu.