Ngeli Kando ya Ziwa: Kisuba, Kikuria na Dholuo katika Homa Bay na Migori

Mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuchunguza mtagusano wa tamaduni aghalabu huelekezwa Lamu au Mombasa. Makala haya yanaelekea kwingine, katika kaunti za Homa Bay na Migori, ambazo wengi huzidhania kuwa eneo la lugha moja tu, Dholuo.

Dhana hiyo yakosolewa na majina yenyewe. Mfangano, Rusinga na Gwassi ni kwa Abasuba. Huko Migori, kuelekea mpaka wa Isebania, wamo Abakuria wasemao Igikuria. Kiambishi aba- ndicho wa- cha Kiswahili. Katika kisiwa cha Mfangano kuna kituo cha jamii kiitwacho “Ekialo Kiona”, yaani, kwa Kisuba, ulimwengu wote. Ki- ya nomino inajirudia katika neno linaloifuata, sawa na “kijiji chote”, ambapo ki- imegeuka ch- mbele ya irabu. Kanuni ambayo wengi wetu hukariri kwa ajili ya mtihani tu, huko ni mazungumzo ya nyumbani.

Dholuo, lugha ya Kiniloti, haina upatanisho wa namna hiyo. Hutumia ja- kwa mtu mmoja na jo- kwa wengi: Jaluo, Joluo. Kwa hiyo Msuba anayejiita Jasuba anaitaja asili yake kwa sarufi ya jirani.

Hali hiyo haikuzuka ghafla. Palikuwa na ndoa, biashara na uvuvi; kisha zikaja misheni. Waadventista walifungua kituo cha Gendia, karibu na Kendu Bay, mwaka 1906, na Dholuo ikapata maandishi, mahubiri na darasa. Kisuba kilibaki bila kitabu kwa miaka mingi, na hili, pengine kuliko ndoa zote, ndilo lililokidhoofisha. Leo kinahesabiwa miongoni mwa lugha zilizo hatarini.

Hata hivyo, Dholuo nayo imepokea. Sokoni Homa Bay, mia moja ni “mia achiel”: mia imepitia Kiswahili kutoka Kiarabu, achiel ni ya Waluo wenyewe. Elfu ni alufu, meza ni mesa. La kuvutia zaidi ni okombe, yaani kikombe. Ki- imedondoshwa, o- ikashika nafasi yake. Neno limepokewa, ngeli ikaachwa mlangoni. Ndivyo ilivyokuwa kwa Jasuba pia.

Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inaitaka Serikali kukuza na kulinda uanuwai wa lugha za watu wa Kenya. Wazee wanaokisema Kisuba vizuri hawataisubiri Serikali. Mwanafunzi wa Kiswahili, ambaye tayari anazijua ngeli, anaweza kuanza kwa kurekodi nomino pamoja na vivumishi na vitenzi vyake, umoja na wingi, kwa kuwa orodha ya nomino pekee haiwezi kuuonyesha upatanisho.